Saa Iliyokosea Miguu

Kindness alinifunga ile saa mkononi siku ya pili baada ya Krismasi. Tulikuwa tumekaa kibarazani, na kabla sijamaliza kuuliza ni ya nini, ikaonyesha kwamba moyo wangu unapiga mara sabini na nne kwa dakika. Sikuwa nimefanya kitu. Nilikuwa nimekaa tu na ndizi mkononi. Nikaigeuza, nikaona kwa chini ina vitaa vya kijani vinavyowaka na kuzima, vinamulika ngozi yangu.

"Inamulika damu, Baba," binti yangu akasema. "Damu ikipita, yenyewe inahesabu."

"Bila kunitoboa?"

"Bila kukutoboa."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini siyo mtu wa kushangaa ovyo. Miaka ishirini na sita nimebeba mizigo ya wageni kule mlimani. Nimeona jua linachomoza chini yangu, na mawingu yamelala kama mablanketi. Hata hivyo kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti, kinachosoma moyo wa mtu kupitia ngozi, kilininyamazisha. Nilikitazama mpaka mbuzi akamaliza maganda ya ndizi miguuni pangu.

Kisha nikakasirika, kwa sababu nilimkumbuka Winfrida.

Mke wangu alikufa kwa moyo, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa akipanda kile kilima cha kanisani anasimama mara tatu, ameshika kifua. Zahanati yetu ilikuwa na mashine ya kupima presha, ila haikuwa na betri. Betri nne ndogo, zile zile za redio. Mganga aliwaandikia wakubwa wake kuomba betri, wakubwa wakamjibu asubiri bajeti, na wakati bajeti inasubiriwa akampa mke wangu vidonge vya vidonda vya tumbo. Nyumbani kwangu redio ilikuwa inaimba kutwa nzima kwa betri nne. Ningezing'oa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyefungua mdomo kuniambia. Tulipomfikisha mjini alikuwa ameshavimba miguu, akakaa siku mbili.

Kaburi lake liko kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Ni hatua arobaini na moja kutoka mlangoni. Miaka mitatu nimekwenda pale bila kujua hesabu hiyo, saa ikaniambia siku ya kwanza.

Kindness alirudi Dodoma kazini, akaniachia saa pamoja na simu ya kupapasa. Aliziunganisha ili kila kitu saa inachokiona, simu yangu ikione, na simu yake kule ikione pia. Januari yote niliishi kama mtu aliyehamiwa nyumbani. Nikikaa, ndiyo kwanza nimekaa, inatetemeka kuniambia niinuke. Mkanda ulinitoa vipele. Chaji nayo inataka umeme, na wenye umeme wao wanakata wanapotaka, hawamwambii mtu.

Asubuhi moja Kindness akapiga simu.

"Baba, mbona tangu saa tisa usiku ulikuwa macho?"

"Mbwa alikuwa anabweka."

"Mbwa tulimzika mwaka juzi, Baba."

Ndipo nilipoelewa kwamba kitu hicho kinachokuangalia afya kinaweza pia kukuvua nguo mbele ya mtoto wako. Usiku wangu ulikuwa wangu na marehemu. Sasa ulikuwa unasomwa Dodoma.

Lakini sikuivua. Nilikuwa namwangalia ng'ombe akikamuliwa na mkono wangu mwenyewe, na huku namba zinapanda na kushuka taratibu, sitini na nane, sabini na moja, sitini na tisa, nikawaza: moyo huu umekuwa humu ndani tangu tumboni mwa mama yangu, haujapumzika hata siku ya Bwana, na mimi sijawahi kuusalimia.

Sasa, huku kwetu Old Moshi kukata majani ya ng'ombe ni kazi ya akina mama. Tangu Winfrida aondoke nakwenda mwenyewe, na wanawake ninaokutana nao kule bondeni hawaniachi hivi hivi.

"Mama Kindness, leo umetuwahi," Ruth huniambia, na wenzake wanaangua kicheko huku panga zao zinaendelea kukata.

Mimi nabeba kichwani, mkono mmoja umeshika mzigo, kama nilivyobeba mlimani. Mzigo wa majani mabichi huwezi kujitwisha peke yako. Lazima mtu akutwishe. Na ukishatwishwa hutui njiani, kwa sababu hutapata wa kukutwisha tena.

Jumanne moja ya Februari, Ruth alinitwisha nikaanza kupanda. Nusu ya njia simu ikaanza kuita kwenye mfuko wa koti. Niliiacha. Ikaita tena. Nikaiacha. Iliita mpaka nikaizoea kama kelele za mto. Nilipokaribia juu, pale njia inapokuwa ya pikipiki, nikaona watu wawili wanateremka mbio kunifuata. Mmoja ni Fabian, jirani yangu mwenye bodaboda. Mwingine ni Priska, mdogo wake marehemu mke wangu, mjane kama nilivyo mimi, anayekaa ng'ambo ya mfereji. Priska alikuwa na shuka jeupe mkononi.

"Uko hai," Fabian akasema, kama mtu aliyepotezewa wateja.

"Ulitaka niweje?"

"Kindness amepiga simu analia. Anasema moyo wako umefika mia na hamsini, na umelala chini nusu saa nzima hujapiga hatua hata moja, na simu hupokei."

"Nimelala chini, haya majani yamesimama kichwani mwangu yenyewe?"

Fabian akatazama majani, akatazama mkono wangu wenye saa ulioshika mzigo kule juu, haujongei.

"Kumbe inahesabu mkono," akasema. "Mzee, wewe umetembea na miguu, saa imekaa kichwani."

"Na shuka la nini?" nikamuuliza Priska.

"La kukufunika," akasema. "Sikutaka watu waone hiyo suruali yako yenye viraka."

Fabian alicheka mpaka akashika mti. Mimi nilikuwa nachemka. Niliwaza, hii nayo ni kama wakubwa wote, iko mbali, haijui mtu amebeba nini, na inapeleka taarifa. Ila nilipomtazama Priska, yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amechuchumaa kando ya njia, kiganja kifuani, mdomo wazi.

Fabian akachukua majani kwenye pikipiki. Mimi na Priska tukatembea polepole mpaka kwangu, nikawasha moto, nikachemsha chai ya maziwa. Tukampigia Kindness akatulia. Nilivua saa nikaitupa mezani.

"Nipe mimi nivae," Priska akasema. "Mimi sibebi majani leo, haitaniua."

Nikamfunga. Vitaa vikawaka. Mia na arobaini na tisa.

"Ni mbio zile," akasema. "Na chai yako hii, shemeji, hata dada asingeinywa."

Mlimani, wageni wetu walikuwa wanabanwa kidude kidoleni kila jioni kupimwa hewa iliyomo kwenye damu. Sisi wabeba mizigo vidole vyetu havikubanwa hata siku moja. Tulikuwa na kipimo chetu. Mkifika kambini, ukitua mzigo, unapewa kikombe cha chai ya moto, na mpishi mkuu anakushika shingoni kwa vidole viwili. Chai ikipoa, anakushika tena. Kama chai imepoa na moyo bado unakimbia, kesho yake unashuka. Unaweza kulia, unaweza kutukana, unashuka. Nilimwona mpishi yule akiwarudisha vijana wenye misuli kama ng'ombe dume, na hakuna aliyefia mikononi mwake.

Kwa hiyo sikuangalia saa. Niliangalia kikombe cha Priska. Kilikuwa kinatoa moshi, kikaacha, kikaota utando wa maziwa juu. Ndipo nikamgeuza mkono. Mia na thelathini na nane. Nikangoja. Mia na kumi na mbili. Nikangoja kidogo tu. Mia na hamsini. Haikuwa inashuka. Ilikuwa inarukaruka kama mtu anayetafuta pa kukanyaga.

"Umeanza lini kuchoka hivi?"

"Sijachoka. Ni gesi tumboni."

Gesi. Winfrida naye alisema gesi.

"Priska, kesho tunakwenda zahanati."

"Hicho kidude asubuhi hii hii kimekuua wewe ukiwa unatembea," akasema. "Sasa kinataka na mimi?" Akakivua, akakiweka juu ya meza, akaenda zake na shuka lake.

Kesho yake nilimfuata, akakubali zahanati kwa sababu ni karibu. Mganga ni yule yule. Siku hizi mashine ina betri. Akampima, akasema presha nzuri kabisa. Nikampa saa aone zile namba. Akaishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa.

"Mzee Isack, hizi ni za kuchezea watoto wa mjini. Ingekuwa kifaa cha maana, serikali ingetuletea."

"Serikali iliyochelewa na betri?"

Mganga akavuta kalamu. Akaandika. Alipomkabidhi Priska dawa nililitambua boksi kabla sijalisoma. Ile ile ya tumbo. Priska akatoka pale anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umesikia mwenyewe, shemeji. Presha nzuri."

Sasa nilikuwa kwenye shida. Mganga sikumwamini, lakini na saa je? Iliniaibisha mbele ya kijiji. Nikimburuta mwanamke mpaka mjini kwa neno la kitu kilichosema nimelala wakati napanda kilima, na huko wasione kitu, nitakuwa nimemtia hofu bure. Na nisipomburuta, na ikawa saa imesema kweli, nitachimba kaburi la pili la nyumba ile ile.

Alhamisi nikaenda bondeni na saa mkononi. Ruth akanitwisha.

"Mama Kindness, leo mbona hutukani?"

"Nahesabu," nikamwambia.

Nilihesabu hatua zangu kwa mdomo, moja moja, mpaka mia sita. Nikasimama na mzigo kichwani, nikainua macho. Saa ilisema hatua kumi na tisa. Basi, nikasema, hii ni takataka. Lakini nikaweka vidole viwili vya mkono ule mwingine shingoni, kama mpishi alivyofanya, na nikahesabu mapigo dakika nzima, nikiitazama dakika hiyo kwenye saa yenyewe. Nilipata mia na arobaini na nane. Saa ilisema mia na arobaini na sita.

Nikarudia. Mia na hamsini na moja. Saa: mia na hamsini.

Nilisimama pale katikati ya njia, maji ya majani yananichuruzika mgongoni, na vinyweleo vya mikono vikanisimama. Ilikosea miguu. Moyo haikuukosea. Miguu saa ilikuwa inaibahatisha kwa kuutazama mkono, na mkono wangu ulikuwa umeshika mzigo. Damu ilikuwa inaiona yenyewe, inapita, pigo kwa pigo, kupitia ngozi ya mzee aliyepigwa jua miaka sitini. Juu yangu Kibo, kilele cha mlima wetu, ilikuwa imefunguka nyeupe, na mara nyingi nimeitazama nikajiona mdogo, lakini siku hiyo nilijiona mdogo kwa sababu ya kitu kilichofungwa mkononi mwangu. Mtu fulani mahali fulani alikaa akawaza namna ya kumulika damu. Sijui jina lake. Ningekutana naye ningemvulia kofia.

Nilipofika nikamwaga majani kwa ng'ombe, nikaenda kwa Priska. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Nikamweleza yote, mia sita na kumi na tisa, mia na arobaini na nane na mia na arobaini na sita. Alinisikiliza vizuri.

"Siendi," akasema. "Dada alikwenda mjini akiwa amekaa mbele ya gari, akarudi amelazwa nyuma. Mimi nitakufa hapa, naona maharage yangu."

"Hutakufa ukienda sasa. Yeye tulimpeleka amechelewa."

"Kwa sababu ya nani?"

"Kwa sababu ya wale wa betri."

Akainamia ungo wake. "Basi ngoja hao wa betri waje wanichukue."

Nikarudi nyumbani. Nilikaa kidogo na kaburi. Pembeni yake tumepanda masale, mimea ya majani marefu, kama kila mtu. Huku kwetu ukiwa umemkosea mtu, unachuma jani la isale unampelekea mkononi, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Tangu nizaliwe nimepelekewa mara mbili. Mimi sijawahi kumpelekea mtu. Siku zote waliokosea walikuwa wengine.

Nilichuma moja, nikavuka mfereji tena.

Priska aliliona jani kabla hajaniona mimi. Akaacha maharage.

"Umenikosea nini?"

"Dada yako alianza kuniambia kifua mwezi wa nne," nikasema. "Nikamwambia anapenda kulalamika. Nikamwambia na mimi nimebeba mizigo mpaka kambi ya Barafu sijalalamika. Zahanati nilimpeleka mwezi wa sita. Habari ya betri ni ya wakubwa. Hiyo miezi miwili ni ya kwangu."

Kuku akaja akadonoa maharage, Priska hakumfukuza.

"Dada alikuwa ameniambia," akasema mwishowe. "Miaka mitatu nangoja uje uniambie wewe."

Nikamnyooshea jani. Akalitazama.

"Hili ni la msamaha, au la kunipeleka mjini?"

"Yote mawili."

"Jani moja?"

"Jani moja."

"Ulikuwa mchoyo tangu unaoa kwetu," akasema, akalipokea.

Ijumaa Fabian alitushusha mjini, hospitali ya mkoa, kule Mawenzi. Daktari alikuwa dada mdogo, umri wa Kindness. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akaniuliza mgonjwa anaonaje, nikampa saa badala ya maneno. Hakuicheka wala hakuisifu. Alimlaza Priska, wakambandika waya kifuani na miguuni, na mashine ikaanza kutema karatasi yenye mstari.

Alinionyesha. Kwanza karatasi ya mtu mzima wa afya: kilima, nafasi, kilima, nafasi, zote sawa kama migomba iliyopandwa kwa kamba. Halafu ya Priska. Vilima vilikuwa vimebanana hapa, vimeachana pale, na katikati yake mstari unatetemeka.

"Hiki chumba cha juu cha moyo hakipigi, kinatetemeka tu," akasema. "Presha inaweza kuwa nzuri kabisa na bado hali ikawa hivi. Damu ikituama humo inaganda, na bonge likiruka kichwani, mtu anapooza au anakufa. Tunamlaza leo, tunaanza dawa. Mmekuja bado mapema, baba."

Nilishika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo hizi saa ni nzuri," nikasema.

"Wiki iliyopita kijana mzima alikuja na saa kama hii, imemtisha mpaka hali, halali. Nikampima, hana kitu. Ugonjwa wake ulikuwa ni hiyo saa. Leo imeniletea huyu mama. Wewe uliyeivaa unasemaje?"

"Haioni mzigo," nikamwambia. "Mtu asiyejua hivyo itamtia wazimu. Ukishajua, unaisikiliza kwa kile inachokiona."

Alifikiri kidogo, akaandika kitu pembeni ya karatasi yake, sijui kama ni hayo maneno yangu.

"Mke wangu angekuwa nayo," nikaanza.

"Sijui, baba. Sikumpima. Siwezi kukudanganya."

Nilimshukuru kwa hilo zaidi ya yote. Wale wa betri sijawasamehe. Hawajaniletea jani.

Kabla hajaondoka, daktari alivua masikioni vile vipokeo vyake vya kusikilizia moyo, akaniuliza kama nataka kusikia. Nikamtazama Priska, maana kumsikiliza shemeji kifua si jambo la kuamuliwa na mimi. Priska akageuza uso ukutani akasema, "Mwache asikie, ameshaleta jani." Daktari akashika kile kibati kifuani pake juu ya kanga, mimi nikaziba masikio kwa vile vipira.

Mwanzo niliusikia upepo tu. Halafu ukaja. Ulikuwa kama kundi la wabeba mizigo wanaoshuka kwenye changarawe, kila mmoja na mwendo wake, mmoja anateleza, wawili wanakanyaga pamoja, halafu kimya, halafu wote kwa mara moja. Miaka thelathini na minne nililala ubavuni kwa dada yake, na sikuwahi kuweka sikio.

"Unasemaje huko ndani?" Priska akaniuliza akitazama ukuta.

"Wabeba mizigo wanashuka."

"Na wewe ukimaliza toa hicho kitu, kina baridi."

Nikamwomba aniache nisikilize kidogo. Akaniacha.